Lucy Lameck wa Njoro

Mwaka huu tunamkumbuka marehemu Lucy Lameck, binti wa Njoro, Moshi, aliyezaliwa mwaka 1934. Alisomea uuguzi, kisha akawa karani KNCU, huko huko wazee wetu walikopeleka kahawa na kusubiri malipo ya pili. Wengi wetu ada zetu zilitoka humo. Akaingia TANU, akasoma Chuo cha Ruskin, Oxford, na mwaka 1960 akawa mbunge. Mwaka 1962 aliteuliwa Waziri Mdogo wa Ushirika na Maendeleo ya Jamii, mwanamke wa kwanza nchini kufika ngazi hiyo. Yule karani sasa alishughulikia ushirika wa nchi nzima! Baadaye alihamia Afya. Alifariki mwaka 1993.

Mwaka 2021, jijini Berlin, barabara iliyokuwa na jina la Wissmann, Mjerumani aliyeipiga Kibosho ya Mangi Sina mwaka 1891, ilipewa jina la Lucy Lameck. Tulifurahi, na haya tukaona: chama chetu kilikuwa hakijafanya lolote kwa jina lake. Harambee ya mwaka huu, ya ada za mabinti wetu walioko vyuoni, tumeipa jina hilo. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho.