Bapa wa Virpur na Mgeni Aliyeacha Fimbo



Majirani waingiao dukani kwangu wamezoea kuniuliza habari za picha iliyotundikwa juu ya meza ya fedha: mzee mwenye kilemba cheupe, tasbihi mkononi na fimbo kando yake. Wengine hudhani ni babu yangu. Si babu yangu kwa damu, ingawa sisi Walohana humwita Bapa, yaani baba. Picha kama hiyo ilivuka bahari pamoja na wazee wetu kutoka Gujarat, ikapanda reli ya Tanga hadi huku kwenye mashamba ya katani. Kwa kuwa nimeombwa kuandika katika kumbukumbu hii ya hekalu letu, nimeona nilijibu swali la majirani kwa ukamilifu kuliko ninavyoweza nikiwa na mizani mkononi.

Jalaram alizaliwa tarehe 4 Novemba 1799 katika kijiji cha Virpur, si mbali na Rajkot. Baba yake, Pradhan Thakkar, alikuwa mfanyabiashara, na mama yake, Rajbai, alijulikana kwa kuwakirimu watawa wapitao njia. Mtoto alirithi tabia ya mama kuliko kazi ya baba. Alipofikia miaka 16 aliozwa Virbai, binti wa Atkot. Lakini ndoa haikumfanya apende duka, na mwishowe alitengana na baba yake akaenda kuishi na kufanya kazi kwa ami yake, Valji.

Huko nako hakubadilika. Inasimuliwa kwamba siku moja waliingia watawa wenye njaa, naye akawapa nafaka, samli na nguo kutoka rafuni, bila malipo. Jirani mmoja akapeleka habari kwa ami, na ami akaja mbio kukagua mali. Hakukuta upungufu wowote. Nakiri kwamba hapa mimi mfanyabiashara husita. Nimefunga hesabu za duka kwa zaidi ya miaka thelathini, wala sijapata kuona gunia lililotolewa bure likijirudisha lenyewe. Lakini kisa nakisimulia kama nilivyokipokea.

Akiwa na miaka 18, baada ya kuhiji, alikwenda Fatehpur kwa Bhoja Bhagat, mkulima aliyekuwa pia mtunzi wa nyimbo za ibada. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake, akampa tasbihi na jina la Rama la kulitaja. Kwa baraka za mwalimu, mwaka 1820 Jalaram alifungua jikoni lake la sadaka pale Virpur, ambapo kila apitaye angelishwa mchana na usiku. Nafaka ya kwanza haikutoka kwa tajiri yeyote. Jalaram na Virbai walikwenda kuvuna mashamba ya watu kwa ujira, wakaleta nyumbani walichopewa. Ilipopungua, Virbai aliuza mapambo yake ya arusi.

Mlangoni hapakuulizwa dini wala tabaka. Harji, fundi cherehani, alipona maumivu ya tumbo baada ya kuombewa, na ndipo watu walipoanza kumwita Jalaram kwa jina la Bapa. Jamal, mfanyabiashara Mwislamu, alikuwa na mwana mgonjwa aliyekatiwa tamaa na waganga. Kijana alipopona, baba yake alileta nafaka jikoni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Majirani zangu Waislamu hukipenda sana kisa hiki, na nimewahi kukisimulia mara mbili kwa siku moja.

Sasa nifike kwenye fimbo. Siku moja alifika mzee wa kitawa, mchovu, mwili umemwisha nguvu. Chakula hakikumtosha. Alisema kwamba hana wa kumtunza, akaomba apewe Virbai amhudumie. Bapa hakutoa jibu lake mwenyewe. Alimwendea mkewe akamweleza, na Virbai akakubali. Wakaondoka, mzee na mwanamke, hata wakafika porini. Hapo mzee akamkabidhi mkoba wake wa kitambaa na fimbo yake, akamwambia amngoje. Hakurudi. Virbai akasikia sauti kutoka juu ikimjulisha kwamba aliyemsindikiza ni Mungu mwenyewe, na kwamba arudi nyumbani. Akarudi na mkoba na fimbo, navyo vimehifadhiwa Virpur hata leo, mahujaji huviona.

Kwa miaka mingi kisa hiki kilinitia uchungu. Mimi ni baba wa mabinti, na Bapa naye alikuwa na binti, Jamna. Nilijiuliza ni Mungu wa namna gani amwombaye mtu mkewe, na ni mume gani asiyekataa. Uzee ndio ulionionyesha nilichokuwa nikikiruka. Yule mgeni hakumwachia Bapa kitu. Aliyekabidhiwa ni Virbai, yeye aliyekwisha kutoa dhahabu yake kabla ya kuombwa chochote. Mzee hukabidhi fimbo yake kwa mtu anayemwamini kama mwanawe. Na Mungu wa kisa hiki hakujifunua kwa radi wala kwa utukufu. Alijifunua akiwa mhitaji, mguu wake hauna nguvu, kisha akaacha hata kile kilichomsaidia kutembea.

Katika mwaka mmoja wa ukame, nilipokuwa kijana dukani, aliingia mzee kutoka upande wa milimani, akaomba kibaba cha unga kwa mkopo. Sikumfahamu. Nilimwambia mkopo hakuna. Aliinua macho akaitazama ile picha kwa muda, akauliza kama yule ni baba yangu. Nikajibu ndiyo, ili aondoke upesi. Alinishukuru kwa adabu akatoka akiegemea fimbo. Niliyemjibu vile sikumwona tena, ingawa kwa wiki kadhaa nilichungulia kila basi lililosimama.

Virbai alifariki mwaka 1878. Bapa alimfuata tarehe 23 Februari 1881, akiwa katika ibada. Siku ya kuzaliwa kwake huadhimishwa siku ya saba ya mwezi wa Kartik, mara baada ya Diwali, na jikoni la Virpur halijafungwa. Tangu mwaka 2000 hekalu la huko halipokei sadaka ya mtu yeyote, wala fedha wala nafaka, na bado kila afikaye hulishwa. Mhasibu wetu ameniuliza mara tatu jinsi jambo hilo linavyowezekana.