Alick Isaacs: jamaa aliyegundua kuwa seli hupeana taarifa

Wadau, ukishikwa na mafua leo halafu baada ya siku nne tano ukaamka mzima, ujue si zile dawa za kuua bakteria ulizonunua duka la dawa. Hizo hazina lao kwa virusi. Ni mwili wako umepigana, na vita vilianza ndani ya seli zenyewe siku nyingi kabla kingamwili hazijawa tayari. Jamaa aliyetufungulia mlango wa kuyajua haya aliitwa Alick Isaacs. Wengi hawamjui kabisa, ndo maana nimemleta hapa.

Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1921, kwenye familia ya Kiyahudi. Akasomea udaktari hapo hapo, akamaliza 1944, ila maabara ndiyo ilimvuta. Akaenda Melbourne, Australia, kwa Macfarlane Burnet, bingwa wa virusi enzi hizo. Huko akakomaa na fumbo moja: seli ikishaingiwa na kirusi, kirusi kingine kikija kinagonga mwamba. Hata kama kile cha kwanza kimeshauawa! Kwa nini?

Aliporudi Uingereza akawa kwenye taasisi ya utafiti wa tiba Mill Hill, London. Mwaka 1956 akaja kijana wa Kiswisi, Jean Lindenmann, naye akiwa na fumbo lile lile kichwani. Wakaanza kazi. Walichukua utando wa ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga, wakauweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Baada ya saa kadhaa wakautoa ule utando, wakabaki na maji yake. Maji hayo wakayaweka kwenye utando mwingine ambao haujaguswa na chochote, kisha wakauletea virusi hai. Virusi vikashindwa kuzaana!

Maana yake kinga haikuwa kirusi cha kwanza kuziba njia. Seli zilizoguswa zilitoa kitu chao wenyewe, kikasambaa kuzitahadharisha jirani. Kitu hicho ni protini, wakaiita interferoni. Taarifa ilitoka 1957, mwaka ambao mafua ya Asia yalikuwa yanazunguka dunia.

Leo tunajua zaidi. Interferoni ikifika kwa seli jirani inawasha mamia ya jeni. Baadhi ya protini zinazotokea hukatakata RNA ya kirusi, nyingine husimamisha kiwanda cha seli ili kirusi kikose pa kujizalishia. Kuna na protini za kupiga breki, maana interferoni ikizidi inaumiza. Ile homa na viungo kuuma unapougua, sehemu yake ni interferoni yako mwenyewe.

Magazeti yalimshangilia Isaacs, na mwaka 1960 interferoni ikaingia hadi kwenye katuni za Flash Gordon, ikiokoa wasafiri wa anga. Wanasayansi wenzake lakini, hasa Marekani, wengine walimcheka. Kitu chenyewe kilipatikana kidogo mno, hakisafishiki, wakaona ameota. Jamaa alikuwa na sonona pia, na mwaka 1964 damu ilivuja kwenye ubongo. Akaendelea na utafiti hivyo hivyo. Januari 1967 akafariki, miaka 45 tu.

Jeni ya interferoni ya binadamu ilinakiliwa ndani ya bakteria mwaka 1980, hapo ndo ikaanza kupatikana kwa wingi. Mwaka 1986 Marekani wakaipitisha kutibu aina moja ya saratani ya damu, na baadaye ikatumika kwa homa ya ini B na C. Wagonjwa waliodungwa walilalamika mwili kuuma, na wengine wakapata sonona. Ajabu, ugonjwa ule ule uliomsumbua mgunduzi.

Kwetu huku iliacha kidonda. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyokuwa interferoni kidogo sana ya kumeza. Watu walipata matumaini makubwa, ila majaribio yaliyofuata hayakuona faida.

Isaacs na Lindenmann hawakupewa Nobel. Lakini UVIKO-19 ilipokuja, mwaka 2020 watafiti waliwapima wagonjwa mahututi, na karibu 1 kati ya 10 alikutwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni yake mwenyewe. Kirusi kiliingia, kengele ikawa imeshazimwa kutoka ndani.