Jean-Martin Charcot: Daktari aliyeyajua madoa ya ubongo kabla ya MRI

Leo daktari akimshuku mgonjwa kuwa na maltipo sklerosisi, yaani MS, humpeleka kwenye mashine ya MRI, na madoa yaliyomo ubongoni huonekana mgonjwa akiwa hai. Jean-Martin Charcot, Mfaransa aliyeupambanua ugonjwa huo, hakuwa na mashine hiyo. Ilimlazimu asubiri hadi mgonjwa afariki. Katika makala hii tunaangazia maisha yake.

Charcot alizaliwa Paris mwaka 1825, mtoto wa fundi wa magari ya farasi. Alihitimu udaktari mwaka 1853, na mwaka 1862 akawa daktari mkuu wa wodi katika hospitali ya Salpêtrière. Humo waliishi maelfu ya wanawake, wengi wao wazee na maskini wenye maradhi ya kudumu. Yeye na mwenzake, Alfred Vulpian, waliwapima mmoja baada ya mwingine na kuandika dalili zao. Mgonjwa alipofariki, ubongo na uti wake wa mgongo ulichunguzwa kwa hadubini.

Inasimuliwa kwamba hata nyumbani kwake alikuwa na mtumishi aliyetetemeka mikono. Mama huyo alivunja vyombo kila mara, lakini Charcot hakumfukuza. Alipofariki, uchunguzi wa mwili ulionyesha madoa magumu kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Madoa yenyewe hayakuwa mageni. Robert Carswell na Jean Cruveilhier walikuwa wameyachora miongo kadhaa kabla. Kazi ya Charcot ilikuwa kuyaunganisha na dalili za mtu aliye hai. Mwaka 1868 alifundisha kwamba mgonjwa wa namna hii macho humchezacheza, maneno hutoka kwa kukatika, na mkono hutetemeka anapotaka kushika kitu. Kwa mgonjwa wa Parkinson, mkono hutetemeka zaidi ukiwa umetulia. Kabla ya hapo magonjwa haya mawili yalichanganywa.

Aliona pia kwamba kwenye madoa, ganda la mishipa ya fahamu huharibika huku nyuzi za ndani nyingi zikibaki, mfano wa waya wa umeme uliochunika plastiki. Kuhusu tiba, alijaribu dawa kadhaa, ikiwemo nitrati ya fedha, bila mafanikio.

Mwaka 1882 alipewa uprofesa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu, na wanafunzi wakaja kutoka nchi nyingi, akiwemo Sigmund Freud mwaka 1885. Lakini sifa zake zina doa. Aliwaonyesha wanawake waliosemekana kuwa na histeria mbele ya watazamaji, na mengi aliyofundisha kuhusu ugonjwa huo yaliporomoka baada ya kifo chake.

Charcot alifariki Agosti 1893. Miaka miwili baadaye Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, ingawa nayo haikuweza kuonyesha madoa hayo. Ilichukua hadi mwaka 1981, watafiti wa hospitali ya Hammersmith, London, walipowapiga picha za MRI wagonjwa 10 wa MS na kuona madoa mengi yaliyofichika kwenye picha za CT.

Wataalamu wa picha za ubongo bado wanaifanya kazi ya Charcot: kulinganisha doa na dalili. Tofauti ni kwamba sasa mgonjwa anaweza kupewa dawa za kupunguza mashambulizi ya ugonjwa akiwa bado anatembea.