Ducos du Hauron: Mfaransa aliyetegua kitendawili cha rangi katika picha

KILA printa ndogo inapotoa picha ya harusi au ya pasipoti katika nyumba za Likoni, Kisauni na Changamwe, hufuata kanuni ambayo Mfaransa Louis Ducos du Hauron aliiandikisha mnamo 1868. Nayo kero inayowasumbua wenye printa hizo, ya uso wa bibi arusi kutoka mwekundu kupita kiasi au leso kupoteza mng'ao wake, ndiyo iliyomshughulisha takriban maisha yake yote.

Ducos du Hauron alizaliwa Desemba 8, 1837 katika mji wa Langon, kusini magharibi mwa Ufaransa. Alipenda muziki na kupiga piano, lakini moyo wake uliishia katika fizikia ya mwanga. Nguzo yake kuu ilikuwa kaka yake, Alcide, aliyekuwa hakimu na ambaye alimsaidia katika utafiti wake kwa miaka mingi.

Wakati huo upigaji picha ulikuwa bado mchanga. Ulikuwa umetangazwa rasmi jijini Paris mnamo 1839, na picha zake hazikuwa na rangi. Aliyetaka rangi alimlipa mchoraji azipake kwa brashi. Mnamo 1861, mwanasayansi James Clerk Maxwell alionyesha jijini London kwamba mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, ikiangazwa pamoja ukutani huzaa taswira yenye rangi. Hata hivyo, taa zilipozimwa taswira ile nayo ilitoweka. Ducos du Hauron alitaka picha ambayo mtu angeishika mkononi na kuiweka kwenye albamu.

Hapo ndipo ulipojitokeza ugunduzi wake. Alitambua kwamba karatasi haina mwanga wake yenyewe, bali hurudisha ule unaoiangukia. Kwa hivyo, rangi ya kuchapishia haiongezi mwanga, huupunguza. Alipendekeza kitu kimoja kipigwe picha mara tatu, kila mara kupitia kichujio cha rangi tofauti. Kila picha kisha ingechapishwa kwa rangi inayomeza mwanga uliopitishwa na kichujio chake: iliyopitia kichujio chekundu kwa buluu, ya kijani kwa wekundu wa waridi, na ya zambarau kwa manjano. Tabaka hizo tatu nyembamba zikilazwa moja juu ya nyingine bila kupishana, rangi za asili zingerejea.

Njia yake haikuwa nyepesi. Maelezo aliyoyaandika mnamo 1862 hayakupata kibali cha wanazuoni wa Paris. Alipata hataza yake Novemba 23, 1868, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu suala hilo. Ajabu ni kwamba Mei 7, 1869, chama cha wapiga picha cha Ufaransa kilipokea mapendekezo mawili yanayofanana, moja likiwa lake na jingine la mshairi Charles Cros. Kila mmoja alikuwa amefikia wazo hilo peke yake. Tofauti ni kwamba Ducos du Hauron alikuwa na picha za kuonyesha.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mabamba ya kioo ya enzi hiyo, ambayo yaliona buluu upesi lakini wekundu yaliuona kwa shida. Picha ya kichujio chekundu ilihitaji muda mrefu mno. Mnamo 1873, Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba kemikali za rangi zikitiwa katika mabamba huyawezesha kuona zaidi ya buluu, na kazi ikaanza kuwa rahisi. Picha maarufu ya Ducos du Hauron ya mji wa Agen ni ya 1877. Katika nyingine alimtumia jogoo aliyekaushwa, kwani ndege hai asingetulia muda wote huo.

Mnamo 1884 alihamia Algiers, alikokuwa kaka yake, na akaishi huko hadi 1896. Ni katika kipindi hicho, mnamo 1891, alipopata hataza ya picha zinazotazamwa kwa miwani yenye vioo vya rangi mbili. Sifa na fedha, hata hivyo, ziliwaendea wengine. Ndugu Lumière walipoanza kuuza mabamba yao ya rangi mnamo 1907, dunia iliwashangilia wao. Serikali ya Ufaransa ilimtunuku nishani mnamo 1912. Alifariki mjini Agen Agosti 31, 1920, akiwa na umri wa miaka 82, bila utajiri wowote.

Urithi wake unaonekana wazi Mombasa. Katika miaka ya 1990, wapiga picha wa vibanda vilivyopambwa karibu na kivuko cha Likoni walipeleka filamu zao kusafishwa kwenye maabara, na mashine za huko ndizo zilizoamua rangi. Leo uamuzi huo uko mikononi mwa mwenye printa, na wengi hulaumu wino picha isipofanana na ile ya kwenye kompyuta.

Kisa cha Mfaransa huyu kinaeleza sababu. Skrini huumba rangi kwa kuongeza mwanga, kama taa za Maxwell. Karatasi huziumba kwa kuupunguza. Skrini iliyong'arishwa mno humdanganya mtazamaji, na picha hutoka ikiwa na giza. Aidha, kila karatasi hunywa wino kwa namna yake, ndiyo maana printa lazima iambiwe aina ya karatasi iliyowekwa. Tundu moja la wino likiziba, mizani yote huvurugika.

Kipimo kikali kuliko vyote ni uso wa mtu wa maji ya kunde. Rangi hiyo huhitaji wino zote tatu kwa pamoja, na moja ikizidi kidogo tu, jicho hung'amua mara moja. Mwenye printa anayetoa kwanza kipande kidogo cha majaribio, akakitazama kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuchapisha picha nzima, anapima mizani ileile aliyoihangaikia Ducos du Hauron.