Mwenda Jean Bosco, Gwiji wa Gitaa

Hapa Kianjokoma wengine husema eti Kiswahili ni cha watu wa pwani. Basi, nawaletea Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Kongo mwaka 1930. Aliishi Jadotville, mji wa shaba ambao leo ni Likasi. Huko wafanyakazi walitoka makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi akipiga "Masanga" kwenye gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Kumbe gitaa lile lilifika hadi Nairobi, wapigaji wetu wakaliiga! Alifariki kwa ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990. Wenzangu, hata sisi wa mlimani Kiswahili ni chetu.