Michael Faraday: mtoto wa mhunzi aliyeupima umeme unaotoa kutu

Msikilizaji mwenye Land Rover ya zamani, Peugeot 504 au trekta alilorithi kwa baba yake anamjua adui wake. Si injini, maana injini hufunguliwa ikafungwa tena. Adui ni kutu. Huanza kama doa dogo chini ya rangi, halafu siku unayoligusa kwa bisibisi, bisibisi inatokea upande wa pili. Spea za magari hayo hazipatikani kila duka, kwa hiyo kipande kimoja kikioza, gari zima linalala uani na kuku wanatagia humo.

Mafundi wengi wanatumia msasa na brashi ya waya, wengine tindikali. Ipo njia nyingine inayohitaji ndoo ya plastiki, maji, magadi na chaja ya betri, na tutaieleza humu ndani. Lakini kwanza tumfahamu mtu aliyeupa msingi wake. Michael Faraday hakuwahi kuliona gari. Alifariki mwaka 1867, miaka 19 kabla Mjerumani Karl Benz hajapata hati ya uvumbuzi wa gari lake. Hata hivyo, ukifungua boneti leo, unakuta kazi za mikono yake kuanzia stata mpaka alteneta.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 mahali panapoitwa Newington Butts, kusini mwa mto Thames, sehemu ambayo sasa imemezwa na jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi. Kwa hiyo Michael alikua akijua harufu ya makaa na mlio wa nyundo juu ya chuma. Baba alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na mhunzi akiwa mgonjwa, nyumba haili. Wanaosimulia maisha yake hutaja mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda sana Uingereza, ambapo mtoto huyo alipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Shule aliisoma kidogo tu, kusoma, kuandika na hesabu za kawaida. Hesabu za juu hakuzijua mpaka anaingia kaburini.

Mwaka 1805, akiwa na miaka kama 14, alipelekwa kujifunza kazi kwa George Riebau, muuza vitabu aliyekuwa pia anajalidi vitabu. Miaka saba alishona na kugundi kurasa. Tofauti yake na vijana wengine wa kazi ile ni kwamba alisoma alichokuwa anakishona. Katika kitabu kimoja alikutana na maelezo ya umeme. Katika kingine, kilichoandikwa na mama mmoja aitwaye Jane Marcet kwa ajili ya watu wasio wataalamu, akakutana na kemia. Akawa anajaribu yale aliyoyasoma kwa vifaa vya senti chache, na Riebau hakumkataza. Sisi tunaona mzee Riebau hatajwi inavyostahili.

Mwaka 1812 mteja wa duka lile alimpa Faraday tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia mashuhuri kuliko wote Uingereza wakati ule, katika Taasisi ya Kifalme ya London. Kijana alisikiliza mihadhara minne, akaandika kila kitu, akachora vifaa, halafu akaifunga kazi ile kuwa kitabu kwa ufundi wake mwenyewe na kumtumia Davy. Davy alikuwa ameumia macho kwa mlipuko maabara, akamtumia Faraday kama mwandishi wake kwa siku chache. Nafasi ya msaidizi wa maabara ilipopatikana, alimwita. Machi 1813 Faraday akaingia Taasisi ya Kifalme, na pale ndipo alipofanyia karibu kazi zake zote.

Heshima haikuja mara moja. Davy alipofunga safari ndefu ya Ulaya kati ya 1813 na 1815, alimchukua Faraday kama msaidizi wa kisayansi, lakini mtumishi wa nyumbani alikataa kwenda, basi kijana akabebeshwa na kazi zile. Mke wa Davy alimchukulia kama mtumwa wa ndani tu. Faraday aliumia sana, nusura aache sayansi arudi kwenye gundi na ngozi za vitabu.

Hebu sasa turudi kwenye chuma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1810 mpaka 1822, Faraday alifanya kazi na James Stodart, mtengenezaji wa visu na vifaa vya upasuaji. Walikuwa wakiyeyusha chuma cha pua kwa kiasi kidogo na kukichanganya na madini mengine: fedha, platini, rodiamu, hata kromiamu. Walitaka wembe unaokata vizuri zaidi, na pia metali isiyofifia wala kushika kutu. Faraday aliwagawia rafiki zake nyembe zilizotokana na majaribio hayo. Chuma kisichoshika kutu kama tunachokijua leo kwenye vijiko na sinki hawakukipata. Hicho kilikuja Sheffield mwaka 1913 kwa mkono wa Harry Brearley, na siri yake ni kromiamu ya kutosha. Stodart alifariki 1823 na kazi ile ikaishia hapo.

Mwaka uliofuata lilikuja tatizo la meli. Meli za mbao za jeshi la majini la Uingereza zilifunikwa kwa mabamba ya shaba chini ya maji, na bahari ilikuwa inayala. Davy, Faraday akiwa msaidizi wake, akapendekeza vipande vya zinki au chuma vigusanishwe na shaba ile. Zinki ikaliwa, shaba ikabaki nzima. Kwa upande wa kemia lilikuwa jibu sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba shaba inayoliwa hutoa sumu kidogo inayowafukuza viumbe wa baharini, na hii mpya iliyotulia ikavutia magugu na makome, meli zikawa nzito. Vile vipande vikaondolewa.

Wazo lenyewe halikufa, na wewe unayetusoma huenda umelala chini yake usiku wa jana. Bati la nyumba yako ni chuma kilichopakwa zinki. Likikwaruzwa kidogo, zinki ya pembeni huanza kuliwa kabla ya chuma. Ndiyo maana bati hudumu miaka, na ndiyo maana siku zinki ikiisha kutu husambaa kwa kasi ya ajabu.

Hapo ndipo tunapotaka msikilizaji ashike jambo moja. Kutu si uchafu unaotoka nje na kung'ang'ania chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka kwa sababu ya maji na oksijeni, na wakati kinageuka, umeme mdogo sana unapita ndani yake kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Chumvi huurahisishia umeme huo njia, na hivyo gari la Tanga au Lamu huoza haraka kuliko la Dodoma. Sasa, kama kuoza kwa chuma kunaendeshwa na umeme, basi umeme ukilazimishwa kwenda kinyume unaweza kukirudisha nyuma kwa kiasi fulani.

Kwa miaka kadhaa Faraday alishughulika na mengine. Mwaka 1821, mwaka aliomwoa Sarah Barnard, alifanya waya wenye umeme uizunguke sumaku, na huo ndio mwanzo wa mota. Mwaka 1831 akaonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme unazaliwa. Jenereta zote, kubwa na ndogo, zinatokana na hapo. Kisha, kati ya 1833 na 1834, akageukia umeme unaopita ndani ya maji yenye chumvi na tindikali.

Wengine walishaona kwamba umeme unaweza kuvunja maji na chumvi. Faraday alipima. Alitengeneza kifaa kinachokusanya gesi inayotoka, akaitumia gesi hiyo kujua ni umeme kiasi gani umepita. Akakuta kwamba kiasi cha kitu kinachogeuzwa kinafuata kiasi cha umeme uliopita. Umeme ukiwa mara mbili, kinachogeuka ni mara mbili, bila kujali ukubwa wa chombo. Kwa hesabu hiyo, ampia 2 kwa saa 10 ni umeme uleule wa ampia 10 kwa saa 2. Akishirikiana na msomi William Whewell kutafuta majina, aliipa dunia maneno ambayo wanafunzi wa sekondari wanayakariri mpaka leo: elektrodi, anodi, kathodi, ioni.

Sasa ile ndoo. Weka maji, na kwa kila lita 4 au 5 kijiko kimoja cha mezani cha magadi safi, yasiyochanganyika na chumvi. Usitumie chumvi ya kupikia kabisa, inaweza kutoa gesi ya klorini. Kipande chenye kutu kinafungwa kwenye waya wa hasi wa chaja. Waya wa chanya unafungwa kwenye chuma usichokihitaji, kwa mfano kipande cha nondo, nacho kitaliwa. Viwili hivyo visigusane. Ukikosea waya, spea yako ndiyo itakayoliwa, na Faraday hatakuonea huruma. Washa chaja vitu vyote vikiwa tayari ndani ya maji, na uizime kabla ya kuvigusa.

Utaona mapovu. Ni haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Baada ya saa kadhaa, au usiku mzima ukitumia umeme mdogo, kutu nyekundu huwa imeachia au imegeuka kuwa ungaunga mweusi unaotoka kwa brashi. Chuma kizima chini yake hakiguswi, na hapo ndipo njia hii inaposhinda tindikali na msasa. Ila pale kutu ilipokwisha kula, shimo litabaki shimo. Chuma kilichopotea hakirudi. Kioshe kipande, kikaushe vizuri na ukipake praima siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kilicho uchi hushika kutu mpya ndani ya saa chache.

Kuna vipande visivyopaswa kuingia ndooni. Alumini na zinki huliwa na maji ya magadi, na wenye Land Rover za zamani wajue kwamba sehemu kubwa ya bodi yao ni alumini. Chasisi ndiyo chuma. Springi, boliti ngumu na sehemu za breki na usukani pia zikae mbali, maana haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla bila kuonya. Na upande wa chanya, usiweke kabisa chuma kisichoshika kutu, kijiko kwa mfano. Ile kromiamu iliyomo hutoka ikiwa sumu kali ndani ya maji, na maji hayo utayamwaga wapi? Kisima kiko karibu.

Faraday mwenyewe aliendelea na kazi kwa miaka mingi ingawa kumbukumbu ilianza kumchezea. Aliwafundisha watoto katika mihadhara ya Krismasi, akawa mshauri wa taa za kuongozea meli. Alikuwa mwumini wa kanisa dogo la Wasandemani, watu wasiopenda makuu. Alikataa kupewa cheo cha heshima kitakachomfanya aitwe bwana mkubwa, akakataa pia uongozi wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi Hampton Court. Alifia hapo akiwa amekaa kitini, tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa makaburi ya Highgate chini ya jiwe la kawaida.

Vile vipande vya chuma alivyoviyeyusha na Stodart aliviweka ndani ya sanduku la mbao, na sanduku likabaki. Mwaka 1931, miaka mia moja tangu ugunduzi wake wa umeme wa sumaku, mtaalamu wa chuma Robert Hadfield alipewa ruhusa ya kuvichunguza. Alivikuta 79, akaanza kukipima kimoja kimoja.