Louis Rwagasore: mwanamfalme aliyeanzia kwa wafanyabiashara

Mwanamfalme Louis Rwagasore aliiongoza serikali ya Burundi kwa siku 15 tu. Alishika wadhifa wa Waziri Mkuu tarehe 28 Septemba 1961, na usiku wa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. George Washington, anayehesabiwa kuwa baba wa taifa la Marekani, alikaa madarakani miaka minane, akapata wasaa wa kuonyesha kwa vitendo rais hutawala vipi na huondoka lini. Rwagasore hakuupata wasaa huo. Anayetaka kujua aliweka msingi gani hana budi kuitazama miaka mitano iliyozitangulia siku zile 15, na kutazama ni akina nani waliosimama naye mapema.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa IV na Thérèse Kanyonga. Alisoma katika shule kubwa ya Astrida, nchini Rwanda, ambako Wabelgiji waliwaandaa vijana wa kuwa machifu na makarani wa utawala wao. Baadaye alipelekwa Ubelgiji kuendelea na masomo, akarejea nyumbani mwaka 1956. Kwa nasaba yake na elimu yake, njia ilikuwa imekwisha kuchorwa: angepewa utemi, angekusanya kodi, angeishi kwa heshima chini ya kivuli cha baba yake.

Hakuifuata njia hiyo, angalau si kwa moyo wote. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Burundi. Nia yake ilieleweka kwa kila mwenye kibanda sokoni. Biashara kubwa ya nchi, kuanzia kahawa hadi vitambaa, ilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wagiriki na Waasia, na Mwafrika alibaki kununua kwa bei aliyopangiwa na kuuza kwa bei aliyopangiwa. Ushirika ungewawezesha wadogo kuunganisha mitaji yao na kununua kwa pamoja. Mpango huo uliwavutia hasa wafanyabiashara wa mjini Usumbura waliozungumza Kiswahili, na hapo ndipo jina la Buyenzi linapoingia katika maisha yake.

Buyenzi ya wakati ule ilikuwa mtaa wa watu ambao utawala wa kikoloni haukujua uwaweke wapi. Walikuwamo watu waliotoka Kongo na Tanganyika, na Warundi walioacha milima yao wakaja kutafuta riziki mjini. Wengi walikuwa Waislamu, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kisheria hawakuwa chini ya machifu wa jadi. Kwa hiyo hawakuwa na mganwa wa kuwasemea, lakini pia hawakuwa na mganwa wa kumwogopa. Walikuwa na ndugu na wateja ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na habari za siasa za huko ziliwafikia pamoja na bidhaa. Wala hawakungoja kufundishwa kupinga. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Buyenzi, wakiwamo wajane Waislamu, waligoma kulipa kodi iliyotozwa wanawake waishio bila waume, kodi waliyoiona kuwa ni tusi kwa heshima yao.

Ushirika haukudumu. Ulielemewa na madeni, na utawala wa Kibelgiji, ambao tangu mwanzo haukupenda kumwona mtoto wa Mwami akiwakusanya wafanyabiashara, ukaingilia kati. Wako wanaousema mradi huo kuwa ni kushindwa kwa kijana asiyejua hesabu. Katika hesabu za fedha hawakosei. Lakini watu aliowapata katika ushirika hawakutawanyika uliposambaratika. Wengi wao waliingia pamoja naye katika chama kipya, UPRONA, yaani Umoja na Maendeleo ya Taifa, kilichodai uhuru wa haraka na ufalme unaotawala kwa katiba. Wabelgiji walijaribu kumtuliza kwa kumpa utemi wa Butanyerera, kaskazini mwa nchi, mwaka 1959. Hakukaa nao muda mrefu.

Upinzani haukutoka kwa Wabelgiji peke yao. Baganwa, ukoo wa watawala, walikuwa wamegawanyika kwa muda mrefu kati ya Bezi, aliotoka Rwagasore, na Batare. Watoto wa chifu Pierre Baranyanka wa Batare, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, waliongoza chama cha PDC, ambacho hakikuwa na haraka ya uhuru na kilipendwa na wakoloni. Ugomvi wa zamani wa koo ulikuwa umevaa nguo mpya za vyama. Jibu la Rwagasore lilikuwa kutafuta wafuasi nje ya koo hizo: Wahutu na Watutsi, watu wa milimani na watu wa mjini, Wakristo na Waislamu. Nje ya nchi alikuwa na uhusiano wa karibu na Julius Nyerere wa Tanganyika, aliyekiunga mkono chama chake, na alijuana na Patrice Lumumba wa Kongo.

Mwaka 1960 Wabelgiji walipitisha kanuni iliyowazuia jamaa wa karibu wa Mwami kushiriki siasa. Kanuni hiyo haikumtaja kwa jina, wala haikuhitaji. Alipowahimiza watu kususia maduka ya Wazungu na kutolipa kodi, aliwekwa kizuizini kuanzia mwezi Oktoba hadi Desemba, muda uleule wa uchaguzi wa komine. UPRONA ikapata viti 545 kati ya 2,876, na PDC ikapata 942.

Burundi ilikuwa nchi ya udhamini, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na sauti juu yake. Shinikizo lake lilisaidia kumrudisha Rwagasore uwanjani. Tarehe 18 Septemba 1961, katika uchaguzi wa Bunge, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Katika hotuba yake ya ushindi mwanamfalme hakuwakejeli walioshindwa. Aliwataka raia waihukumu serikali yake kwa matendo yake, ahadi nzito kwa mtu wa umri wa miaka 29 ambaye chama chake kingeweza kufanya karibu lolote bungeni.

Tarehe 13 Oktoba, siku ya Ijumaa, alikuwa akila chakula cha jioni katika hoteli ya Tanganyika, karibu na ziwa, pamoja na baadhi ya mawaziri wake. Risasi ilifyatuliwa kutoka gizani. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, na uchunguzi uliwafikia haraka viongozi wa PDC, wakiwamo Ntidendereza na Biroli. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ilisikilizwa upya, na mwezi Januari 1963 washtakiwa watano walinyongwa hadharani Gitega. Swali la mkono wa maofisa wa Kibelgiji katika njama hiyo liliulizwa tangu siku zile na linaendelea kuulizwa na wanahistoria.

Rwagasore alimwacha mjane, Marie-Rose Ntamikevyo, waliyefunga ndoa mwaka 1959. Watoto wao wawili wa kike walifariki wakiwa wachanga. Aliacha pia chama kisicho na mrithi aliyekubaliwa na wote. Shemeji yake, André Muhirwa, alishika uwaziri mkuu, na haukupita mwaka kabla ya wakuu wa UPRONA kugawanyika katika makundi mawili, Casablanca na Monrovia, yaliyozidi kufuata mstari wa Wahutu na Watutsi. Ule ufalme wa kikatiba aliouombea kura uliondolewa na Michel Micombero mwezi Novemba 1966.

Kaburi lake liko Vugizo, kilimani juu ya Bujumbura. Kila tarehe 13 Oktoba wakuu wa nchi hupanda huko kuweka mashada ya maua. Chini yake mji umeenea hadi ziwani, na Buyenzi imo humo, na mitaa yake yenye namba, maduka yake na misikiti yake.